Safari Hii Hakuna wa Kwenye Simu

*Kikundi cha familia, mwanzoni mwa Desemba 2022*

Shangazi Rehema: Habari za jioni jamani. Mama, shikamoo. Krismasi mwaka huu ni Jumapili. Nani anakuja, nani haji? Nataka kujua leo, si tarehe 24 usiku mtu anapiga simu eti yuko njiani na wenzake watano.

Neema: Shikamoo Shangazi. Sisi tunakuja wote wanne.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Na huyo mdogo?

Neema: Ndiye wa kwanza kufungasha 😂 Shangazi, huyu alizaliwa katikati ya 2020, Bibi hajawahi kumbeba hata mara moja. Juzi nikamwambia "twende kwa Bibi", akakimbia kuchukua simu yangu mezani akaniletea. Kwake yeye Bibi anaishi mle ndani. Nilicheka, halafu nikakaa kitini kimya.

Kelvin: Mimi nipo. Nalala popote, hata sebuleni chini.

Tumaini: Shikamooni wakubwa. NIMEPATA LIKIZO 🙌🏾 kuanzia tarehe 23. Ratiba ya zamu ilipobandikwa niliisoma mara tatu, jina langu halimo kwenye sikukuu. Krismasi mbili zilizopita, kwa sababu ya korona, nimezila wodini, nimevaa gauni la plastiki na barakoa mpaka masikio yanawaka. Mwaka huu nataka kukaa na watu wasiohitaji kupimwa joto.

Shangazi Rehema: Mungu ni mwema. Njoo upumzike mama.

Kelvin: Ila tusije tukaahirisha tena. Mwaka jana tulishakata na tiketi. Tarehe 26 Novemba Shirika la Afya Duniani (WHO) wakatangaza Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, haikupita muda kila mtu humu anaandika "tuangalie hali kwanza". Tukaangalia hali mpaka mwaka mpya.

Baba Mdogo: Nimesoma yote. Samahanini, mimi nina neno tofauti. Naomba mwaka huu tena tukutane kwa makundi madogo. Mama ana miaka yake na kifua kile mnakijua. Watu wote hawa, kutoka kila upande, nyumba moja, siku tatu?

Neema: Baba Mdogo jamani, watu wamechanjwa. Bibi mwenyewe ameshapata na ya nyongeza.

Baba Mdogo: Najua. Chanjo haizuii mtu kuambukizwa.

Tumaini: Hapo Baba Mdogo yuko sahihi, tusimbishie. Chanjo inapunguza sana hatari ya kuugua vibaya na kufa, lakini ugonjwa bado upo na mtu aliyechanjwa anaweza kuuleta. Hata WHO bado hawajatangaza kwamba dharura imekwisha. Tofauti na 2020 ni kwamba sasa tunajua la kufanya. Mwanzoni tulikuwa tunasugua meza na vitasa vya milango kutwa nzima, kumbe njia kubwa ni hewa tunayopumua pamoja ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa hiyo madirisha wazi mchana kutwa, meza itandikwe uani, na nyimbo tuimbie nje, maana mtu akiimba anatoa pumzi nyingi kuliko akiongea. Anayesikia koo linakwaruza, hata kidogo, asipande gari. Ajipime. Kipimo cha haraka kikisema huna, asishangilie bado, arudie baada ya saa 48.

Kelvin: Na akionekana anao?

Tumaini: Anabaki kwake na tunampenda huko huko aliko. Hakuna kusema "ni mafua tu".

Shangazi Rehema: Hilo liwe la wote. Hata mimi.

Baba Mdogo: Asante Tumaini. Ngoja niseme vizuri, kwa sababu naona kama ninaharibu furaha ya watu. Baba alipofariki 2021 mimi ndiye niliyekuwepo. Ninyi mliona kwenye simu, na mtandao ulikuwa unakatika. Tulikuwa wachache, kila mtu amesimama peke yake, jeneza halikufunguliwa. Mama alinyoosha mkono kunishika, nikarudi nyuma hatua moja, kwa sababu ndivyo tulivyoelekezwa na niliogopa kumwambukiza. Mama yangu, siku ya kumzika mume wake. Mpaka leo sijawahi kulizungumza. Kila mkisema tukutane, mimi naona ile siku. Siwezi kuirudia.

Neema: Pole sana Baba Mdogo. Hatukujua.

Tumaini: Pole Baba Mdogo. Ulimlinda. Wodini niliwaona wengi waliofanya hivyo hivyo, wanaongea na wazazi wao kupitia kioo. Hakuna aliyefanya kwa kukosa upendo.

Shangazi Rehema: Kaka yangu. Ungesema siku zote hizi.

Kelvin: Mimi niko kwa Bibi sasa hivi. Amesikiliza nikimsomea yote. Ananiambia niandike, nami naandika kama anavyotamka:

"Mwanangu, nakumbuka ule mkono. Nilijua kwa nini ulirudi nyuma, sikukuhesabia. Lakini hatukumlilia baba yenu pamoja, kila mtu alilia chumbani kwake, na hilo ndilo linaloniuma, si ugonjwa. Nimekaa ndani kama yai miaka miwili, nimetii, nimechomwa sindano zote. Sasa nataka wote mje. Mpimwe kama anavyosema Tumaini, madirisha nitafungua mwenyewe. Jumapili tukitoka ibadani, kabla ya kula, tumtaje baba yenu kwa jina, kila mtu aseme lake. Halafu watoto wale, wacheze, sitaki huzuni ya kutwa nzima. Na wewe unakaa karibu na mimi."

Shangazi Rehema: Mama 😭

Neema: Nalia hapa mume wangu anauliza kuna nini.

Baba Mdogo: Nimekusikia Mama. Nakuja. Nitafika Alhamisi, mapema kabla ya wengine, nipange viti uani na nihakikishe yale madirisha ya nyuma yanafunguka, maana yalipakwa rangi yakagandamana.

Kelvin: Bibi anatikisa kichwa anacheka. Anasema uje na bisibisi.

Tumaini: Mimi naleta vipimo. Na barakoa za akiba, atakayetaka kuvaa asiulizwe kwa nini.

Shangazi Rehema: Vizuri. Sasa nyimbo. Besi ilikuwa ya Baba peke yake. Nani anaishika?

Neema: Kelvin, sauti yako siku hizi imeshuka.

Kelvin: Naijua mistari miwili tu, pale kwenye kiitikio.

Baba Mdogo: Ninayo yote, Baba alinifundisha nikiwa kijana. Alhamisi usiku tutakaa mimi na wewe tufanye mazoezi.

Kelvin: Sawa Baba Mdogo. Basi nabaki huku huku kwa Bibi mpaka Krismasi.

Shangazi Rehema: Tumaini, wewe unafika saa ngapi? Kuna wa kukupokea?

Tumaini: Ijumaa jioni, Shangazi. Nikitoka zamu naunganisha moja kwa moja.

Neema: Usiunganishe na usingizi kichwani. Tutakupitia, kiti kimoja kipo, mdogo nitampakata.