Tupeane uzoefu: barabara za kwenda ndani, Mwenga, Shabunda, Bunyakiri

Mwana wa Nyawera
Ndugu zangu, jana nilikuwa soko la Kadutu, hapa Bukavu, Kivu ya Kusini, Kongo. Mama anayeniuzia mawese kila siku akaniambia bei imepanda tena, kamio (malori) zimelala njiani. Tunasikia habari za kufungua barabara vijijini, mradi wa serikali wa teritware (wilaya) 145 na mingine. Sisi tunaopita huko tuseme. Kilikupata nini, na ungemwambia nini anayepanga?

Dereva Burhale
Mwezi wa kumi na moja, mvua, mzigo mzima. Wenzangu wananielewa.

Mutoto ya Shabunda
Kwetu, tangu nikiwa mdogo, chumvi na sabuni vilipanda ndege Kavumu. Mchele wetu je, nao upande ndege ushuke Bukavu? Nauli inakula mchele wote. Ndiyo maana watu waliacha kulima wakashika koleo la machimbo.

Mama Mawese
Baba, umenigusa. Tulitoka Kitutu, kule Mwenga, Fuso imejaa bidoni (madumu) za mawese, ndizi na mbuzi, sisi juu ya mzigo. Kabla ya kufika Kamituga kuna kamto, daraja lake ni magogo tu. Dereva akashuka, akayapiga kwa mguu moja moja, akatuambia wote tushuke. Konvoyeri, yule kijana msaidizi wa dereva, akabaki nyuma akielekeza matairi. Ya mbele yakapita. Ya nyuma yalipokanyaga, gogo la katikati likakatika, gari ikakaa kwa tumbo, bidoni zikaanza kumwagika mtoni. Kijana huyo mguu wake ulibanwa kati ya gogo na bodi. Alikuwa analia akimwita mama yake, na mimi ni mama, sikujua nishike nini. Wanaume walileta kriki (jeki) mbili, moja ikazama kwenye matope, wakaweka jiwe chini yake, wakapiga tena. Alitoka mzima, ila mguu haujawa kama zamani. Vijana wa kijiji waliruka majini, bidoni nyingine walinirudishia, nyingine zilienda na njia yao. Ndizi zikaivia pale, zikaoza pale. Kinachoniuma: wakubwa wa kijiji walikuwa wamesema kitambo kwamba gogo lile lina ufa. Na kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, tulikuwa tunalipa tiketi kila tukipita.

Dereva Burhale
Pole sana mama. Daraja hilo nalijua.

Neema K.
Huyo kijana alisaidiwa hospitali na nani? Tajiri wa gari alilipa?

Mama Mawese
Tulichanga sisi wapasenja.

Bunyakiri Moja
Pole mama. Lakini kila siku Mwenga, Mwenga. RN3, barabara ya taifa namba 3, ndiyo njia ya Kisangani, inapita kwetu, na kila ukitaja kuitengeneza wanakutajia gorila.

Miti-Kavumu
Hifadhi ya gorila ya Kahuzi-Biega iko tangu 1970, na UNESCO iliiandika kama urithi wa dunia 1980. Kurekebisha barabara iliyopo hakuna anayekataa. Ukikata mpya ndani ya msitu, kabla ya muhogo wako kupita zitapita mbao na makala (makaa ya kupikia).

Bunyakiri Moja
Wewe unakaa penye lami, ndiyo maana unaongea vizuri.

Fundi wa Dalo
Muache kugombana. Nimefanya kazi ya barabara miaka mingi, nisikilizeni. Barabara ya udongo haiuliwi na gari, inauliwa na maji. Ikitengenezwa katikati iwe juu, maji yashuke pembeni, mifereji iwe na pa kutokea, na penye bonde kuwe na dalo (kalavati la kupitisha maji), itadumu. Wakipitisha tingatinga tu ili wakate utepe, mvua za mwezi wa tisa zikianza imekwisha. Kisha kuna bariyeri ya mvua: kamio isubiri udongo ukauke. Watu wanaifanya duka, ukitoa kitu kidogo unapita, unaacha mtaro wa magoti. Mipango mingi inahesabu kilomita, haihesabu kantonye, mtunza barabara wa kijiji mwenye jembe na malipo ya kila mwezi. FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, iliundwa 2008 kwa ajili ya matengenezo, pesa inatoka kwenye mafuta ya gari na peaje (ushuru wa kupita barabarani). Swali langu kwa anayepanga ni moja: kantonye wa kilomita hii ni nani, na atalipwa na nani mwaka wa tatu?

Neema K.
Hapo kwa kantonye umesema.

Mrega
Mama Mawese, usishuke tena Bukavu. Uza Kamituga, wachimbaji wanakula kila siku.

Dereva Burhale
Kamituga mkopo ni mwingi. Apakie Julai na Agosti tu, barabara ikiwa kavu.

Mrega
Na watoto wale nini kuanzia Septemba?

Mutoto ya Shabunda
Aolewe na Dereva Burhale, abebewe bure 😄

Mama Mawese
Nina bwana, asante. Anayejua bei ya kubeba bidoni toka Kitutu wiki hii aandike hapa. Na kama lile gogo wamebadilisha.