Rekodi za laivu: wiki hii mnasikiliza ipi, na toleo gani?

Besi wa Bugolobi (Kampala)

Wapenzi wa roki, hamjambo. Tutajiane rekodi za laivu tunazosikiliza wiki hii, ila tusiishie kwenye jina la albamu. Rekodi ya laivu ina usiku wake, ukumbi wake na mkono wa aliyeichanganya, na matoleo mawili ya albamu hiyohiyo yanaweza kupishana kabisa. Kwa hiyo taja toleo, useme na sababu.

Naanza mimi: Alchemy ya Dire Straits, iliyorekodiwa Hammersmith Odeon, London, Julai 1983. Nina ile ya sidii, kwa sababu ina Love over Gold, wimbo ambao santuri ya 1984 haina. Sultans of Swing humo inakaribia dakika 11, na ngoma za Terry Williams zinaipa uzito ambao ile ya studio haikuwa nao.

Nina maswali mawili. Kwanza, kati ya wimbo na wimbo makofi yanakatika kidogo halafu yanaendelea. Faili ni MP3 za kilobiti 320, simu ni Android, hedifoni ni za waya. Kosa ni la faili au la simu? Pili, nataka kuingia kwenye rekodi za Grateful Dead, ile bendi ya Marekani, zilizoko archive.org, lakini tarehe moja unaikuta na rekodi chungu nzima. Mtu anachaguaje bila kumaliza bando?

Mzee Santuri (Jinja)

Made in Japan ya Deep Purple, na nitakaa hapo hapo. Zilikuwa shoo tatu: Osaka tarehe 15 na 16 Agosti 1972, kisha Budokan, Tokyo, tarehe 17. Fundi wa sauti Martin Birch alirekodi kwa mashine ya njia nane. Albamu ya mwanzo ina nyimbo saba tu, na nyingi ni za tarehe 16. Smoke on the Water ni ya tarehe 15. The Mule na Lazy ni za Tokyo. Ukitaka kusikia bendi ikibadilika usiku hadi usiku, tafuta Live in Japan ya 1993, sidii tatu zenye karibu kila kitu, au lile toleo kubwa la 2014 lenye shoo zote tatu.

Msiisikilize kwa sikio moja. Gitaa la Blackmore limewekwa upande mmoja na kinanda cha Jon Lord upande mwingine, na Lord alikuwa anapitisha Hammond yake kwenye ampu ya Marshall, kwa hiyo kinakwaruza kama gitaa la pili. Kwenye Lazy na Space Truckin' wanajibizana. Ukichomeka sikio moja ili usikie makonda huku Old Taxi Park ya Kampala, umepoteza nusu ya mazungumzo. Vispika vya bluutuu vyenye koni moja navyo vinazijumlisha pande mbili, na ule mpishano unakuwa tope.

Dada Distoshen (Arua)

Besi, swali lako la kwanza. Hilo si kosa la kurekodi. MP3 hufungasha sauti kwa vipande vya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1152, yaani kama milisekunde 26 kila kimoja, na programu inayotengeneza faili huongeza kimya mwanzoni, kisha hujaza kipande cha mwisho kisichotimia. Kwenye albamu ya studio huoni kitu, kwa sababu nyimbo zinaisha kwa kimya. Kwenye laivu makofi yanavuka mpaka wa faili, na hapo ndipo ile pengo inajitokeza.

Anza na kichezeshi. LAME, programu ya kutengeneza MP3, huandika ndani ya faili ni sampuli ngapi za kukata, lakini si kila programu inasoma maandishi hayo. Musicolet na Poweramp zinaunganisha vizuri. VLC naipenda kwa video, kwa albamu za laivu hapana. Kisha tazama kama kuna mpangilio wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Uweke sifuri, maana huo unakula mwanzo wa wimbo unaofuata. Pengo likibaki baada ya hapo, faili zilitengenezwa na programu isiyoandika zile namba, na dawa ni kurudi kwenye sidii yako uitoe upya kwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti, ambayo haina ugonjwa huo. Kuzigeuza hizo MP3 kuwa FLAC hakurudishi kitu. Faili inanenepa tu.

Kama nafasi ya memori kadi ni ndogo, FLAC igeuze kuwa Opus, aina ya faili ndogo, ya kilobiti 128. Inakula kama MB 1 kwa dakika na haiachi pengo. Jambo moja zaidi: ukiwasha kile kipengele cha kusawazisha sauti, chagua cha albamu, si cha wimbo mmoja mmoja. Cha wimbo mmoja kinapandisha zile nyimbo za utulivu mpaka zinalingana na zile za kelele, na shoo inakosa kupanda na kushuka.

Nasikiliza Live at Leeds ya The Who. Ilirekodiwa 14 Februari 1970 kwenye bwalo la Chuo Kikuu cha Leeds. Santuri ya mwanzo ni nyimbo sita. Toleo la 1995 lina 14, na la 2001 limeongeza Tommy, ile albamu yao ya hadithi moja, kama walivyoipiga usiku ule. Nashauri la 1995. Tommy ni nzuri, lakini si kila siku.

Kaseti Nyeusi (Tororo)

Dada, waambie na zile kwaruza. Santuri ya Live at Leeds iliandikwa kwenye lebo kwamba sauti za kukwaruza ni sawa, zisisahihishwe, kwa sababu mtambo wa kurekodi wenyewe ulitia mikwaruzo. Watu hununua nakala ya zamani, wanasikia tik tik, wanaanza kuosha santuri na kubadilisha sindano bure. Toleo la 1995 wameisafisha kwa kompyuta.

Na kesho yake, tarehe 15, walipiga Hull. Kanda za nyimbo za mwanzo zilikosa besi ya Entwistle, kwa hiyo zilipotolewa 2010 walichukua besi ya Leeds wakaipachika. Imekaa vizuri kiasi kwamba huwezi kujua bila kuambiwa. Hiyo inaonyesha jinsi bendi ile ilivyokuwa inashika mwendo mmoja usiku hadi usiku.

Sasa Grateful Dead. Soma jina la faili kwanza. Linaanza na kifupi cha bendi, tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, kisha herufi za chanzo: SBD ni rekodi iliyotoka kwenye meza ya miksa, AUD ni ya maikrofoni ndani ya ukumbi, MTX ni mbili hizo zimechanganywa, FM ni ya redio. Kwa bendi hii, za meza unasikiliza mtandaoni tu. Zinazopakuliwa ni za ukumbini. Hapo ndipo wengi wanakwama wakidhani intaneti yao ni mbovu.

Usidhani kila SBD ni bora kuliko AUD. Kwenye ukumbi mdogo ampu za gitaa zina kelele za kutosha jukwaani, kwa hiyo fundi hazipitishi sana kwenye spika za ukumbi. Matokeo yake kwenye kanda ya meza uimbaji uko mbele kabisa, gitaa liko mbali, na watazamaji hawasikiki, utadhani wanapiga stoo. Kwenye uwanja mkubwa kila kitu kinapita kwenye meza, na SBD inasimama. Kuanzia Oktoba 1984 bendi iliwatengea warekodi eneo lao nyuma ya meza ya fundi, na AUD nyingi za baada ya hapo ni safi.

Kwa kuanzia, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, 8 Mei 1977. Ilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, aliyekuwa anafanya miksi ya kanda mbali na ile ya spika za ukumbi. Ndiyo maana rekodi zake hazina tatizo nililotaja. Ilitolewa rasmi 2017, kwa hiyo toleo hilo unaweza kuwa nalo kwenye simu. Ingia moja kwa moja Scarlet Begonias inayoingia Fire on the Mountain. Na Besi, hapo ndipo utajua kama kichezeshi chako kimepona, maana nyimbo mbili zile hazina mpaka.

Kuhusu bando: shoo ya saa tatu kwa FLAC ni kama GB 1. Sikiliza kwanza dakika mbili za wimbo wa tatu au wa nne. Kwenye wimbo wa kwanza huwa fundi bado anatafuta viwango, na utaikataa rekodi nzuri kwa kosa la dakika tano. Ukiridhika, pakua kwa bando la usiku, faili moja moja badala ya zipu nzima. Zipu ikikatika kwenye asilimia 90 kwa sababu umeme umekwenda, mara nyingi unaanza upya.

Nile Marshall (Jinja)

Live and Dangerous ya Thin Lizzy, 1978. Na nimekuja na ugomvi. Tony Visconti, mtayarishaji wake, alisema karibu robo tatu ya albamu ilirudiwa studio; upande wa bendi walikataa, wakasema ni sehemu ndogo tu. Kama mtayarishaji mwenyewe anasema hivyo, kwa nini bado tunaiweka kwenye orodha za laivu bora?

Mzee Santuri (Jinja)

Kwa sababu inapiga, kijana wangu. Ila swali lako ni halali. Njia ya kupima ni kusikiliza sauti inavyovuja. Mwimbaji akiwa jukwaani, maikrofoni yake inanasa pia ngoma na ampu. Anapoingia kuimba, matoazi yanabadilika kidogo, anaponyamaza, yanarudi. Kama uimbaji unaingia na kutoka na matoazi hayatikisiki hata chembe, umeongezwa baadaye. Si ushahidi wa mahakamani, kwa sababu fundi mzuri anaweza kuzima maikrofoni asizotumia, lakini kwa hedifoni za kufunika masikio utaanza kuona mengi.

Ukitaka kitu kilichorekodiwa mbele ya watu na hakina haja ya kujitetea, Fela na Africa '70 wakiwa na Ginger Baker, Live!, 1971. Baker yule yule mpiga ngoma wa bendi ya Cream. Toleo la 2001 limeongezwa ngoma tupu za Baker na Tony Allen, kama dakika 16, kutoka Berlin 1978. Ni za usiku mwingine kabisa, zisikilize peke yake.

Nile Marshall (Jinja)

Sawa mzee, nimekubali nusu. Nauliza lingine. Nina kaseti za shoo za Marekani nilizoingiza kwenye kompyuta, na nyingine sauti iko juu, waimbaji wamekuwa watoto. Najuaje kasi sahihi? Kupiga gitaa juu yake nakisia tu.

Kaseti Nyeusi (Tororo)

Tumia mvumo wa umeme. Marekani umeme ni wa hezi 60, na vifaa vya jukwaani huacha mvumo huo kwenye kanda. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sekunde tatu nne kati ya nyimbo palipo tulivu, nenda kwenye kuchanganua masafa, weka ukubwa 65536. Kwa sampuli 44100 kila hatua ni kama hezi 0.67, inatosha. Tafuta mlima mdogo karibu na 60, na wenzake kwenye 120 na 180. Ukisoma huo wa tatu kisha ukagawa kwa tatu unapata jibu la uhakika zaidi.

Tuseme umeukuta kwenye 62. Gawa 60 kwa 62, unapata 0.968, maana yake punguza kasi kwa asilimia 3.2. Tumia kubadilisha kasi, si kubadilisha pichi; cha pili kinateremsha sauti na kuacha mwendo ulivyo, na kaseti haikukosea hivyo.

Ukikuta mlima kwenye 50 kamili, usifurahi. Huo ni umeme wetu wa hapa, umeingia wakati wa kuhamisha. Chomoa chaja ya kompyuta, tumia betri, hamisha tena. Na kwa Japani angalieni zaidi: Osaka ni hezi 60, Tokyo ni 50. Mzee Santuri akipimia zile shoo zake tatu kwa rula moja atapotea.

Dada Distoshen (Arua)

Banange, hiyo ya Japani imeniua. Naongeza tahadhari kwa anayepima kwa gitaa: Hendrix jukwaani aliteremsha nyuzi nusu toni. Albamu yake Band of Gypsys, ya 1 Januari 1970 pale Fillmore East, iko chini na ndivyo ilivyopigwa. Nusu toni ni karibu asilimia 6 ya kasi, kwa hiyo ukiipandisha ili ilingane na gitaa lako umeuharibu wimbo wa Machine Gun wote.

Na kabla hamjamwita mtu mwongo kwamba FLAC yake imetoka kwenye MP3, tazameni grafu ya masafa vizuri. MP3 ya kilobiti 128 hukata kama ukuta karibu na hezi 16,000. Redio ya FM nayo hukata karibu na 15,000, ila mara nyingi huacha mstari mwembamba kwenye 19,000, na huo ni wa kituo cha redio. Kaseti huteremka polepole na mchakacho wa kanda, ile shhh, unabaki juu yake. Ukuta bila mstari na bila mchakacho, hapo uliza maswali.

Besi wa Bugolobi (Kampala)

Musicolet imeondoa pengo, Scarlet imeingia Fire bila kukatika. Asanteni sana. Nile, ukishasahihisha zile kaseti weka kasi ya zamani na mpya kwenye jina la faili, pamoja na tarehe ya shoo, ili atakayezipata baadaye asizisahihishe mara ya pili. Na mwenye Black Magic Night ya Osibisa, Royal Festival Hall 1977, atuambie sidii yake inatoka kwenye kanda au imetolewa kwenye santuri.

Mzee Santuri (Jinja)

Ninayo santuri tu. Kwa sidii, sikiliza mwisho wa kila upande wa ile santuri mbili: kama makofi yanafifia na kuanza upya mara tatu, na chini kuna mngurumo wa sahani inayozunguka, wameitoa kwenye santuri. Sehemu kubwa ya mngurumo huo iko chini sana, kwa hiyo tumia ile grafu ya Kaseti Nyeusi, sikio halitauona.