Mdogo wangu kapata four ya 29 na amekata tamaa kabisa. Arisiti au aache? Naombeni ushauri

Dada_wa_Kihonda

Wakuu, habari za muda huu. Mdogo wangu wa kiume, miaka 18, matokeo yake ya kidato cha nne ni Division IV ya pointi 29. Kiswahili C, Civics, History, English na Biology D, Geography na Basic Mathematics F. Tangu siku ile anashinda ndani, simu kaizima ili wenzake wasimuulize. Akitajiwa kurisiti, yaani kurudia mtihani, anajibu, "Kichwa changu kigumu, msipoteze hela." Baba yuko tayari kugharamia, ila uwezo wa bweni haupo, atasomea nyumbani na tuisheni kidogo. Wenye ujuzi wa wanafunzi wa PC (watahiniwa wa kujitegemea), nianzie wapi ili moyo umrudi? Na masomo yote saba ayarudie?

Chaki_na_Ubao

Pole sana dada, pole kwa nyumba nzima.

Usianze na maneno ya kumtia moyo. Wiki hii hayatamwingia, kwa sababu ana karatasi ya matokeo inayompinga. Anzeni na hiyo hiyo karatasi, mkae naye mezani na kalamu. Pointi zikiwa chache ndiyo bora: Division IV inaanzia pointi 26 hadi 33, zero, yaani kufeli, ni 34 na 35. Yeye ana ufaulu wa D au zaidi kwenye masomo matano. Kisha mwonyesheni ukubwa wa D yenyewe: inaanzia alama 30 hadi 44, na C inaanzia 45. Maana yake kwenye History anadaiwa alama 15 kwa wingi, na huenda ni moja au mbili tu. Mtoto anayesema "kichwa kigumu" mara nyingi hajawahi kuonyeshwa deni lake kwa tarakimu, kwa hiyo analiona kubwa kuliko lilivyo.

Saba yote, hapana. Kidato cha tano kinadai C tatu kwenye masomo ya kombi, yaani yale matatu atakayosoma huko. Kiswahili anayo tayari. Akipata C ya History na ya English, kombi ya HKL (History, Kiswahili, English) imekamilika. Mwongezeeni Geography kama akiba: ikigoma English, Geography na History pamoja na Kiswahili zinampa kombi ya HGK. Ni F, kazi yake ni kubwa zaidi, ndiyo maana naiita akiba. Hesabu aiache mwaka huu, isipokuwa kama kozi anayoitaka inaidai. Wanaorudia masomo saba huku wakisoma peke yao nyumbani huchoka mapema; kila somo linapata dakika chache, hakuna linalopanda, na mtu anarudi kule kule kwenye "kichwa kigumu".

Baada ya hapo pakua kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ni bure, kila somo na kila mwaka. Humo wameweka majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, zuri na baya, na maelezo kwa nini lile baya limekosa alama. Walimu wengi wa tuisheni hawazigusi, nami nasikitika, kwa sababu kwa anayejisomea hakuna kifaa kizuri kuliko hicho. Mwanafunzi anaona kwamba maelfu walikosea swali lile lile aliloshindwa yeye, na anaona walikosea wapi.

Halafu afungue daftari la makosa. Ukurasa mmoja safu nne: swali, nilichoandika, kilichotakiwa, kwa nini nilikosa. Ile safu ya mwisho ndiyo yenye dawa. Mfano, swali linadai sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, yeye kaandika athari, tena vizuri. Hapo sababu ya kukosa siyo "sijui History", ni "sikusoma swali linadai nini". Majibu ya safu hiyo yawe manne tu: sikujua, sikuelewa Kiingereza cha swali, muda uliisha, nilijibu kisichoulizwa. Baada ya wiki tatu hesabuni ipi imejaa. Ikijaa ya Kiingereza, kumwongezea notisi za History ni kupoteza muda, ampate mwalimu wa English.

Mtaa_wa_Pili

Naungana na Chaki, nataka kugusa upande wa ratiba maana wengi hufia hapo.

Saa sita kwa siku kuanzia kesho ni kosa kubwa. Wiki ya kwanza ataweza kwa hasira, ya pili ataruka siku moja, atajiona mzembe, ataacha. Aanze na vipindi viwili vya dakika 40, mapumziko dakika 10 katikati, siku tano kwa wiki, kwa wiki mbili. Akizitimiza ndipo aongeze kipindi cha tatu, na baadaye cha nne. Zaidi ya hapo kwa siku moja sioni faida kwa anayejisomea.

Kipindi kifungwe kwenye jambo ambalo tayari analifanya kila siku: akishamaliza chai ya asubuhi, anakaa. Asingoje ajisikie, maana hamu huja mtu akiwa amekwisha anza. Simu ikae chumba kingine, kuizima na kuiweka mfukoni hakutoshi. Na vikwazo vipangiwe jibu mapema kwa maandishi. Umeme ukikatika usiku, kipindi kinahamia asubuhi. Akitumwa dukani katikati ya kipindi, akirudi anamalizia dakika zilizobaki. Akiruka siku, halipizi kwa kusoma mara mbili kesho yake, anaendelea na ratiba kama kawaida. Sheria ngumu iwe moja: asiruke siku mbili mfululizo.

Ndani ya kipindi asisome tu kwa macho. Dakika 20 mada, anafunika daftari, anaandika anachokumbuka, anafunua na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Mada hiyo airudie kesho yake, kisha siku ya tatu, ya saba na ya ishirini na moja. Kila Jumamosi ajibu swali moja la insha huku akipimwa muda. Pepa ni saa tatu kwa alama 100, yaani dakika 1.8 kwa alama, kwa hiyo insha ya alama 15 ni dakika 27 pamoja na kupanga hoja. Mara za kwanza hatamaliza. Aandike tarehe na alama ukutani. Zikipanda kutoka 5 hadi 8, huo ndio ushahidi utakaomrudishia moyo, hata wewe hutahitaji kumhubiria.

Fundi_Bomba

Mnamsukuma kurisiti kabla hajaulizwa anataka nini. Ana D nne na C moja, na kozi nyingi za cheti zilizo chini ya NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi) zinadai ufaulu wa masomo manne tu. Afungue kitabu cha mwongozo wa udahili, asome sifa za kila kozi, maana zinatofautiana. Za afya kwa mfano zinataka masomo ya sayansi zaidi ya Biology, ambayo yeye hana. VETA, vyuo vya ufundi stadi, nayo ipo, umeme na bomba vinalisha watu vizuri. Na kurisiti masomo matatu hakuzuii kujifunza fundi mchana.

Mzee_wa_Rejista

Mambo ya usajili, kwa ufupi. Kwanza kituo: mtahiniwa wa kujitegemea anafanya mtihani kwenye kituo chenye namba inayoanza na P, siyo S ya watahiniwa wa shule. Nendeni kituoni mapema, usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, akichelewa ni faini, akichelewa zaidi dirisha limefungwa na anangoja mwaka mzima. Aende na namba yake ya mtihani wa zamani na mwaka aliofanya. Malipo ni kwa kontroli namba tu. Mtu akiomba hela mkononi ili "akusaidie", ondokeni.

Na ikikaribia Novemba watajitokeza wauza pepa kwenye magrupu ya simu. Mwambieni leo, asingoje kuambiwa siku hiyo. Karibu zote ni za uongo, na ikiwa ya kweli matokeo yanafutwa.

Dada_wa_Kihonda

Asanteni sana wakuu. Tumekaa naye jana na karatasi, kwa mara ya kwanza kauliza swali mwenyewe: "Kwa hiyo English nimekosa ngapi?" Amekubali masomo matatu. Ila halali vizuri, na jana chakula cha usiku hakugusa. Baba anasema ni deko.

Mtaa_wa_Pili

Shikamoo zangu kwa mzee, lakini hilo asilichukulie deko. Huzuni ya siku chache baada ya matokeo ni ya kawaida. Ikivuka wiki mbili bila usingizi, bila kula, hataki kuoga wala kuona mtu, mpelekeni hospitali ya wilaya au ya rufaa, muombe huduma ya afya ya akili. Akitamka kwamba ni afadhali afe, msingoje hata siku moja na msimwache peke yake. Muulizeni wazi; kuuliza hakumpandikizii wazo. Na mwambie mzee akome kumlinganisha na mtoto wa jirani, hasa mezani, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapoacha kula.

Mzee_wa_Rejista

Dada, nyongeza moja. Siku ya kujisajili hakikisheni majina yanaandikwa herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye matokeo ya kwanza, na mpangilio ule ule. Yakitofautiana, kuunganisha matokeo mawili kwa ajili ya kidato cha tano kunakuwa na usumbufu mkubwa. Kabla hajaondoka kituoni asome fomu yote, masomo aliyochagua yawe yale matatu, ndipo asaini.