Kupanda Untersberg na watoto: ngazi za mawe au gari la kebo?

Swali kutoka Munich:

Shikamoo kaka. Mwezi wa nane tunakuja Salzburg, Austria, na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwenzake 12, nasi tungependa kuupanda mlima Untersberg. Je, tunaweza kupita Dopplersteig, ile njia ya miguu yenye ngazi za mawe, au gari la kebo linatutosha?

Jibu kutoka Salzburg:

Marahaba mdogo wangu, karibuni sana. Untersberg ni mlima wa mawe ya chokaa, na ukishalielewa hilo, mengine yote yanafuata. Sisi tuliokulia Tanga tumeyaona mapango ya Amboni, tunajua maji yanavyoweza kulila jiwe la namna hiyo. Mvua inayonyesha kileleni haitiririki juu ya ardhi, bali hupenya kwenye nyufa, ikashuka gizani hadi kuibuka chini kabisa, kwenye chemchemi ya Fürstenbrunn ambayo huwanywesha watu wa mji huu. Kwa sababu hiyo, kule juu hamtakuta kijito hata kimoja. Kila mtu mzima abebe lita mbili za maji, na watoto wasipungukiwe.

Chokaa hiyo hiyo ndiyo iliyoutoboa mlima mashimo, mengine yakiwa yamefunikwa na vichaka au theluji ya masika. Mwaka 2014 mtafiti mmoja aliangukiwa na jiwe ndani ya pango la Riesending la mlima huu huu, karibu mita 1,000 chini ya uso wa ardhi, na waokoaji walimtoa baada ya siku 11. Ninyi hamwendi mapangoni, lakini nawasihi msiache njia yenye alama hata kwa hatua chache za kupiga picha.

Dopplersteig huanzia Glanegg na kupanda zaidi ya mita 1,200 hadi kibanda cha Zeppezauerhaus, sehemu ya juu ikiwa ni ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, zenye kamba za chuma za kushikilia. Ni njia nzuri mno, ila inataka pumzi na miguu isiyotetereka, na mtoto wa miaka 9 nisingempeleka. Pandeni basi namba 25 hadi St. Leonhard, mchukue gari la kebo, ambalo limekuwa likifanya kazi tangu 1961. Kutoka kituo cha juu ni mwendo mfupi hadi kilele cha Salzburger Hochthron, mita 1,852, mahali ambapo upande wa kusini mtauona mlima Watzmann na upande wa kaskazini uwanda wote wa Salzburg. Mkitaka kuendelea kuelekea Mittagsscharte, pengo lililo kati ya vilele, mtakuwa mpakani mwa Ujerumani, kwa hiyo pasipoti na vibali vya ukaazi viwe mfukoni.

Swali kutoka Munich:

Ahsante kaka. Tutapanda gari la kebo, lakini mume wangu anaitamani Dopplersteig, atukute juu.

Jibu kutoka Salzburg:

Shemeji asiende peke yake, mdogo wangu. Nitafuatana naye mimi. Tutaondoka alfajiri, kwa kuwa ngurumo za kiangazi hupenda kuja alasiri, na kama mvua itakuwa imenyesha usiku tutapita njia nyingine, Reitsteig, maana chokaa iliyolowa huteleza kama sabuni. Avae buti za mlimani, na katika simu yake aweke namba 140, ya waokoaji wa milimani hapa Austria. Kurudi, sote tutashuka kwa gari la kebo. Ulizeni kituoni saa ya gari la mwisho kabla hamjaanza kutembea.