Dar hadi Kigali kwa gari: ramani gani ya simu inafanya kazi bila bando?

Chalinze_Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Likizo hii natoka Dar na mama watoto pamoja na watoto kwenda Kigali kwa gari: Dodoma, Singida, Kahama, Rusumo. Nikishavuka mpaka sitaki kuwasha intaneti ya laini yangu, gharama zake nazijua. Nimeweka Google Maps, Organic Maps, OsmAnd na HERE WeGo, na memori ya simu haitoshi kubeba ramani za zote nne. Ipi ibaki, ipi niifute? Simu ni Android.

mtoto_wa_singida
Google mkuu, usijisumbue. Gusa picha yako pale juu kulia, ingia kwenye ramani za nje ya mtandao, chagua eneo, pakua, umemaliza. Gesti, sheli, hospitali, zote zimo. Hizo nyingine waachie wapanda milima.

Lori_Refu
Vijana mnapenda mambo mengi. Kutoka Morogoro hadi Rusumo unafuata lami na malori yaliyokutangulia. Baada ya Lusahunga ndipo usome vibao vizuri, usije ukajikuta unaelekea Kabanga, huko ni mpaka wa Burundi. Ramani utaihitaji Kigali. Na tochi za trafiki wetu hakuna programu itakayokuonyesha ukiwa huna mtandao. Ukiona kibao cha 50, nenda 50.

ramani_huru
Shikamoo mzee Lori. Nakubali, ila anayekwenda mara ya kwanza hana lori la kufuata usiku.

@mtoto_wa_singida, Google bila mtandao si ile unayoizoea mjini. Foleni haioni, njia mbadala haikupi, na njia nzima lazima iwe ndani ya eneo ulilopakua. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,300, hebu jaribu kuichora kwenye kiboksi kimoja uone. Pia ramani ina muda wake wa kuisha, usipoisasisha inafutika.

Chalinze, jambo ambalo wengi hawalitazami ni hili: Organic Maps na OsmAnd zote zinachota OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea. Barabara ikikosekana kwenye moja, kwenye nyingine pia haipo. Kwa hiyo kubeba hizo mbili ni kujaza simu bure. Beba moja ya kundi hilo na moja yenye data tofauti.

Mimi ningebaki na Organic. Ni bure, haina matangazo, nyepesi, imetengenezwa tangu 2021 na watu walewale walioanzisha Maps.me. Ina kitufe cha kukwepa barabara zisizo na lami, na huko Biharamulo na Ngara kitufe hicho kina kazi, maana njia ya vumbi inaonekana fupi mno kwenye skrini. Google inakupa kukwepa barabara kuu, tozo na vivuko, basi.

OsmAnd ina kila kitu mpaka inachosha. Toleo la bure la Android linakuruhusu kupakua ramani 7, kwako zinatosha. Lakini njia ndefu inaipigia hesabu polepole, itabidi uikate vipande: Dodoma, kisha Kahama, kisha Rusumo.

mtoto_wa_singida
Mbona mimi nilikwenda Kampala na Google na haikunisumbua hata kidogo?

ramani_huru
Ulikuwa huna bando?

mtoto_wa_singida
Nilinunua laini ya kule 😅

ramani_huru
Haya. HERE WeGo sijaisema: unapakua nchi nzima bure na inakuongoza kwa sauti. Ulaya ningeiweka ya kwanza. Kwa Kigali, fungua mtaa unaokwenda ukiwa bado Dar, uone kama umo.

Mama_Remera
Karibuni Kigali jamani. Kaka Chalinze, mitaa ya huku ina herufi na namba: KN ni wilaya ya Nyarugenge, KG ni Gasabo, KK ni Kicukiro. Mwenyeji wako akikwambia "KG 11 Avenue", andika hivyohivyo na nafasi zake, utafutaji wa bila mtandao haubahatishi.

Ila bora zaidi, usimwombe liniki. Zile liniki fupi za Google zinazotumwa WhatsApp hazifunguki bila intaneti, utaigusa pale getini ibaki inazunguka tu. Mwombe namba za mahali, zitakuwa kama -1.95, 30.06 na tarakimu zaidi, uzihifadhi kabla ya safari. Usiache ile alama ya kutoa mwanzoni! Ukiiacha unapelekwa kaskazini ya ikweta, Ituri, Kongo.

Kingine, ukivuka Rusumo unahamia kulia. Gari lako usukani uko kulia, kwa hiyo wewe utakuwa upande wa majani na mama watoto ndiye anayeona mbele wakati wa kulipita lori. Simu aishike yeye. Na kamera za mwendo ni nyingi, wenyeji wanaziita Sofia. Organic inaonya zile zilizochorwa kwenye ramani tu, za kuhamishwa hamishwa haizijui.

Chalinze_Kwetu
Dada Remera, ahsante sana, hilo la kutoa lingenimaliza. Basi: Organic kwa Tanzania na Rwanda nzima, Google kiboksi cha Kigali peke yake. OsmAnd na HERE nafuta. Sauti nayo inahitaji mtandao?

ramani_huru
Organic inatumia sauti ya simu yenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, pakua lugha yako ukiwa na Wi-Fi. Kisha zima data kabisa uende nayo Kibaha na kurudi. Ikinyamaza, utajua ukiwa bado karibu na nyumbani.

Mama_Remera
Na saa! Rwanda tuko nyuma yenu saa moja. Simu isiyo na mtandao inaweza kubaki na saa ya Dar, ikuambie unafika saa moja usiku wakati huku ni saa kumi na mbili. Mwambie mwenyeji saa ya huku, usije ukafika chakula hakijaiva.

Lori_Refu
Holda usiibandike kwenye kioo juani, simu inapata moto inazima yenyewe. Iweke mbele ya tundu la AC, waya wa chaja uwe mrefu. Safari njema.