Yule jamaa leo kasababisha mama yangu mzazi anilaani

Side_Mbagala aliandika:

Wakuu salamu sina, naandika hapa mikono inatetemeka. Yule jamaa, mnamjua, hakuna mtu humu hajawahi kupigiwa na yule jamaa, wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wa "hongera umeshinda", wa "mimi mwalimu wa darasa, mtoto wako kaanguka shuleni". Leo kahamia kwetu Korogwe na kajifanya ni mimi. Mimi Side!

Saa nne asubuhi kampigia mama kwa namba ngeni, hata jina hakutaja, kakohoa tu, "shikamoo mama, hata sauti yangu umeisahau?" Mama na mapenzi yake akajibu "marahaba, ni Side?" Basi, kazi imeisha, jina kampa mwenyewe. "Ndo mimi mama, nimegongwa na boda, simu wamenichukua, hii ya daktari, wanataka laki moja na nusu ndo wanishone." Dakika ishirini anaongea! Mtu anavuja damu dakika ishirini anauliza hali ya kuku na shangazi! Halafu akapiga msumari wa mwisho, "mama, wezi wana laini yangu, wakikupigia usiwasikilize, wanaigiza sauti yangu".

Sasa mimi bila habari yoyote saa nne na nusu nampigia mama kumsalimia, namba yangu ile ile anayo tangu 2014. Shikamoo mama. Kimya. Nikasema mama ni mimi. Wakuu, mama yangu aliyenizaa akavuta pumzi akasema, "mwizi mkubwa wewe, mwanangu anashonwa hospitali wewe unamchezea sauti, laana yangu ikufuate mpaka kaburini". Akakata.

MPAKA KABURINI. Kanilaani kwa mdomo wake, namba yangu, jina langu liko kwenye kioo cha simu yake. Nikapiga tena mara sita, hapokei.

Akaenda kwa wakala hela ya kulimia mkononi. Kabla ya namba ya siri jina likatokea la mwanamke, wakala akauliza, jamaa yuko hewani bado akajibu "huyo ndo daktari". Wakala naye akatuma! Shangazi nilimtuma mbio akakuta muamala umeshapita, nimepiga 100 huduma kwa wateja wakaniambia imeshatolewa. Laki na nusu nitatafuta nyingine. Ile "mpaka kaburini" naitoaje? Nilichomkosea yule jamaa ni nini?

Kahawa_Chungu aliandika:

Pole mkuu. Ila swali, hiyo laana imemwangukia nani? Mwenye namba au aliyekusudiwa? Maana mama alikuwa anamlaani tapeli, ila wewe ndo uliyepiga simu.

Binti_Pangani aliandika:

Side wewe mama unampigia mara ngapi kwa mwaka? Mimi wangu nikipiga chafya tu anajua nimelala bila kula. Tapeli kaongea dakika ishirini kauliza mpaka kuku, mama kaona huyu ndo mwanangu, wewe umekuja na "ni mimi" kavu kavu, ningekulaani na mimi.

Side_Mbagala aliandika:

Nampigia kila Jumapili dada! Kila Jumapili! Na leo Jumatano nimepiga kwa mapenzi tu ndo nikakutana na mpaka kaburini.

Wakala_Mwenge aliandika:

Msitubebeshe mawakala. Mimi mama mtu mzima akija analia na simu sikioni namwambia mama kata hiyo simu, tumpigie mwanao kwa namba yake ya siku zote, au muulize kitu cha nyumbani ambacho mgeni hawezi kujua. Natukanwa! "Mwanangu anakufa wewe unaleta maswali." Juzi mmoja kaenda kwa jirani yangu akatuma laki tatu. Side hiyo namba forwadi kwenda 15040 leo hii wakaifungie, usikae kulia tu humu.

Mzigo_Mzito aliandika:

Huyo atakuwa Rukwa tu, takwimu za utapeli za TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, zikitoka Rukwa haikosi.

Fipa_Mkulima aliandika:

Chunga mdomo. Mimi wa Sumbawanga, Rukwa hiyo hiyo, nalima mahindi, mwezi uliopita kanitapeli mtu wa Dar aliyejiita afisa wa mbolea ya ruzuku. Mbona sijaisema Dar yote?

Chumvi_ya_Magadi aliandika:

Kwangu alikuja kama bosi. Picha ya bosi WhatsApp, na ile tai yake ya bluu, "niko kikaoni siwezi kupokea simu, nitumie vocha za elfu hamsini nitakurudishia". Nikatuma. Kesho namkumbusha bosi deni mbele ya watu wote, akaniangalia kama nimelewa. Side wewe una laana, mimi mpaka leo ofisini naitwa Vocha.

Dogo_Tegeta aliandika:

Mnalia na tapeli, mi nalia na hizo laini zao. Mwaka 2020 tulikimbizana kusajili laini kwa alama za vidole, Januari ile wanafungia laini, foleni ya kitambulisho cha NIDA nimesimama siku mbili. Juzi nimebonyeza *106# nakuta laini nne zimesajiliwa kwa jina langu sizijui! Yule kijana wa mwavuli anayesajili laini alinikandamizisha kidole mara tatu, eti mashine haisomi.

Binti_Pangani aliandika:

Weee, ngoja nicheki. Mbili! Mbili sio zangu!

Kahawa_Chungu aliandika:

Kwa hiyo Dogo yawezekana aliyemtapeli mama yake Side katumia laini yako. Laana ni yako basi.

Dogo_Tegeta aliandika:

Usinitanie mkuu, mi na watoto.

Side_Mbagala aliandika:

Wakuu mama kapiga kwa simu ya shangazi. Kaniuliza yule mbuzi aliyeangukia kisimani alikuwa rangi gani. Nimesema mweusi, mguu mmoja mweupe. Kalia, kasema nisamehe baba. Ila ile laana kaiondoa au bado? Sikumuuliza, nilishindwa.

Mzigo_Mzito aliandika:

Fipa hayo mahindi bado unayo? Gunia unatoaje?

Fipa_Mkulima aliandika:

Yapo. Ila hela mkononi, mzigo ukiwa umeuona. Simjui mtu humu.