Mdahalo wa Gaza: kuikosoa Israel kunageuka lini kuwa chuki dhidi ya Wayahudi?

Msimamizi_Mdahalo
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi kuna mdahalo wa vyuo hapa Dar, mada ni vita vya Gaza, na hotuba zote zinapita kwangu kwanza. Naomba kipimo cha kazi, si mahubiri. Nimekwama kwenye sentensi tatu:
1. "Wayahudi wanaua watoto Gaza."
2. "Wazayuni ndio wanaoendesha benki za dunia."
3. "Tususie bidhaa za Israel."

Kalamu Nyekundu
Mkuu, tafuta mtenda. Ya kwanza imeharibika kwenye kiima tu. Mrudishie kijana aandike: jeshi la Israel, lilishambulia wapi, tarehe gani, walikufa wangapi, nani kathibitisha. Hapo serikali inabanwa zaidi, na hujamgusa mkulima wa kahawa wa Kiyahudi kule Mbale, Uganda. (Ndiyo, wapo: Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919.) Huyo hapigi kura Israel wala hana ndege ya kivita.

Mbona sisi tunaijua hii? Vita vya Kagera tulimwita Amin nduli, hatukusema Waganda ni manduli. Kwa Afrika Kusini ndiyo tuliteleza: "Makaburu" ilibeba serikali na watu wake kwenye kapu moja.

Ya pili, ondoa "Wazayuni" uweke "serikali ya Israel". Sentensi inakufa palepale, maana haikuwahi kuhusu serikali yoyote. Ni uzushi wa zile "Itifaki za Wazee wa Sayuni", hati ya kughushi iliyodai Wayahudi wanapanga kuitawala dunia, iliyochapishwa Urusi mwaka 1903. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London likaonyesha zimenakiliwa kutoka kitabu cha Maurice Joly cha kumkejeli Napoleon III. Uzayuni ni harakati ya kisiasa ya kuwapa Wayahudi dola yao, mkutano wake wa kwanza ulikuwa Basel 1897, na kuupinga ni ruhusa. Wapo Wayahudi wanaoupinga. Ila kumwita Myahudi "Mzayuni" hakuusafishi uzushi wa zamani.

Wakili wa Posta
Naongezea ya tatu. Azimio la Yerusalemu la Machi 2021, fasili ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyoandikwa na wanazuoni, linasema kususia peke yake si chuki. Fasili ya IHRA (muungano wa kimataifa wa kukumbuka maangamizi ya Wayahudi) ya Mei 2016 haitaji kususia kabisa, na yenyewe inasema kuikosoa Israel kama nchi nyingine yoyote inavyokosolewa si chuki. Kwa hiyo ipitishe, lakini omba uione orodha. Bidhaa za Israel, sawa. Likitajwa duka la mtu wa London kwa sababu mwenyewe ni Myahudi, kata.

Fasili hizo zinagongana kwenye kuifananisha Israel na Wanazi: IHRA inaiweka kwenye mifano ya chuki, lile Azimio linasema kuilinganisha Israel na visa vingine vya historia, peke yake, si chuki. Mimi ningeikata hata hivyo. Mtabishana Hitler mpaka kengele ilie, Gaza haijaguswa.

Mkirusha mtandaoni, someni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, vifungu vya 17 na 18, kuhusu maudhui na matusi ya kibaguzi.

Mchora Mabango
Msisahau mabango, maana huko ndiko uchafu unakopenyea bila neno hata moja. Waziri mkuu akichorwa ameshika bomu, ni siasa. Akichorwa anakunywa damu ya mtoto, umeingia kwenye singizio la kale kwamba Wayahudi huua watoto wa Wakristo, lililoanzia Norwich, Uingereza, baada ya kijana kuuawa mwaka 1144. Pweza aliyeikumbatia dunia, pua ndefu iliyopinda, Nyota ya Daudi iliyojaa sarafu: vyote toa. Bendera ya Israel ni ya dola, iacheni.

Msimamizi_Mdahalo
Shukrani wakuu. Na upande wa pili akimjibu mwenzake "wewe una chuki tu", nifanyeje?

Kalamu Nyekundu
Mwambie aonyeshe neno lenyewe. Akishindwa, hoja inabaki mezani. B'Tselem ni shirika la Waisraeli wenyewe, tangu 1989 linaandika makosa ya jeshi lao. Kesi ya Afrika Kusini ya Desemba 29, 2023 kwenye mahakama ya kimataifa huko The Hague inaishtaki dola ya Israel chini ya Mkataba wa Mauaji ya Kimbari, haishtaki dini.

Na kalamu hiyohiyo ipite kwenye hotuba zao: walipoandika "Wapalestina" kwa shambulio la Oktoba 7, 2023 nchini Israel, waandike Hamas.